Kuhamia Morisi na Watoto: Shule ya Serikali, ya Kiingereza ya Kulipia, au ya Kifaransa?

Watu wa kwetu wanaopata kazi Morisi si wachache tena. Kuna wanaokwenda kwenye mabenki na makampuni ya fedha ya Ebène, kuna wa hoteli za pwani, kuna wanaofundisha au kusoma kwenye vyuo vya kule. Mkataba ukishasainiwa, kinachofuata ni shule ya watoto, na kila mzazi anauliza vilevile: "Shule nzuri ni ipi?" Kwa kisiwa kile swali hilo halikufikishi mbali, maana shule nzuri zipo kila upande. Yanayoamua ni mambo mawili: mtoto ana umri gani siku mnayotua, na Kifaransa anakijua kiasi gani. Ada inakuja ya tatu, hata kama ndiyo inayouma kwanza.

Nchi yenyewe ni ndogo, kilomita za mraba zipatazo 2,040 na watu milioni moja na robo hivi, lakini ndani yake kuna mifumo mitatu ya shule inayokwenda sambamba bila kukutana. Upo wa serikali, pamoja na shule za mashirika ya dini na za watu binafsi zinazoendeshwa kwa ruzuku ya serikali. Zipo shule za kulipia zinazofundisha kwa Kiingereza na kufuata mitaala ya kimataifa. Na zipo shule za mtaala wa Ufaransa. Mtoto akishaingia mmoja, kuhamia mwingine katikati ni kazi kubwa, kwa hiyo ni vizuri kufikiri kabla ya kulipa chochote.

Shule ya serikali ya kule si Kayumba

Sisi tumezoea kwamba mwenye uwezo hampeleki mwanawe shule ya serikali. Dar tunaziita Kayumba, na mzazi akipandishwa cheo jambo la kwanza ni kumhamishia mtoto English medium. Ukienda Morisi na mawazo hayo utakosea hesabu. Shule ambazo familia za kule zimezipigania kwa vizazi ni za serikali: Royal College ya Curepipe, Royal College ya Port Louis, na Queen Elizabeth College ya Rose Hill, iliyokuwa ya wasichana kwa miaka mingi. Mawaziri, madaktari na majaji wengi wa nchi ile wametokea humo.

Historia yake inaeleza sababu. Kabla ya miaka ya sabini mwisho, sekondari ilikuwa ya kulipia kwa walio wengi, na vyuo vidogo vya binafsi vilijazana mijini, vingine havina hata maabara. Tarehe 20 Mei 1975 maelfu ya wanafunzi waliandamana kuelekea Port Louis wakidai elimu yenye usawa, na polisi wakawazuia kwenye daraja la Grande Rivière Nord-Ouest. Mwaka huohuo umri wa kupiga kura ukashushwa hadi miaka 18. Mwishoni mwa 1976, uchaguzi ukiwa mlangoni, serikali ya waziri mkuu Seewoosagur Ramgoolam ikatangaza sekondari ya bure, na 1977 ikaanza. Serikali ikawa inazilipia hata shule za binafsi na za kanisa zilizokubali kutotoza ada. Ndiyo maana leo Loreto au Collège du Saint-Esprit ni shule za Wakatoliki zenye jina kubwa, na bado masomo yake hayalipiwi kama "private" tunayoijua. Mwaka 2005 elimu ikawa ya lazima hadi umri wa miaka 16, na usafiri wa basi kwa wanafunzi ukawa bure.

Sasa ngazi zake. Mtoto anaanza Gredi 1 akiwa na miaka mitano hivi, mapema kidogo kuliko watoto wengi wa kwetu. Msingi ni miaka sita na unafungwa na mtihani wa PSAC. Sekondari ya awali ni Gredi 7 hadi 9 na inafungwa na NCE. Gredi 11 wanafanya School Certificate, yaani SC, na Gredi 13 Higher School Certificate, HSC. Hii miwili ya mwisho inatungwa na Cambridge kwa kushirikiana na baraza la mitihani la kule, MES. Mtanzania asome hivi: SC ni kidato cha nne, HSC ni kidato cha sita, na jumla ni miaka 13 ileile. Mkenya ataona mitihani ya Gredi 6 na Gredi 9 imekaa palepale penye KPSEA na KJSEA, ila mwisho wa safari Morisi wana mwaka mmoja zaidi.

Mpangilio huu ni wa juzijuzi. Hadi 2016 mtihani wa mwisho wa msingi ulikuwa CPE, uliokuwa ukiwapanga watoto wa miaka 11 ili wachache waingie shule za kifahari. Mageuzi ya 2017, yaliyoitwa elimu ya msingi endelevu ya miaka tisa, yakausogeza mchujo mbele. Sasa mtoto akimaliza Gredi 6 anapelekwa sekondari ya eneo lake, katika mojawapo ya kanda nne za nchi. Shule 12 za serikali, zikiwemo zile tatu nilizozitaja, zikafanywa akademi, zikawa zinaingiwa Gredi 10 kwa alama za NCE. (Mkenya azoee hapa: kwake akademi ni shule ya kulipia. Kule ni ya serikali, na ndiyo ngumu kuliko zote kuingia.)

Je, presha imepungua? Kwa watoto wa miaka 11, kiasi. Iliyobaki imehamia kwa wa miaka 14 na 15. Walioshindwa PSAC waliwekewa njia ya miaka minne badala ya mitatu kufika NCE, na hiyo ndiyo sehemu dhaifu kabisa ya mageuzi: waliofaulu mwishoni mwa njia hiyo walikuwa wachache mno. Mpangilio mzima unajadiliwa upya tangu serikali mpya iingie Novemba 2024, kwa hiyo kanuni za mwaka wako zithibitishe kule kule. Usitegemee aliyehamia miaka mitano iliyopita.

Penye mtihani hasa: lugha

Kisheria lugha ya kufundishia ni Kiingereza. Sheria ya elimu ya 1957 iliwaachia walimu watumie lugha yoyote inayofaa madarasa ya chini kabisa, kisha kuanzia darasa la nne ni Kiingereza. Vitabu ni vya Kiingereza, mitihani ni ya Kiingereza. Mzazi wa Dar au Nairobi akisoma hivyo anapumua: mwanangu Kiingereza anakijua, basi tumemaliza.

Hamjamaliza. Darasani mwalimu anasoma sentensi ya kitabu kwa Kiingereza, anaifafanua kwa Kifaransa au Krioli, lugha ya kila siku ya kisiwani, anamtania mtoto kwa Krioli, na uwanjani ni Krioli mtupu. Kikao cha wazazi ni hivyohivyo. Mtu akigundua wewe ni mgeni atakugeuzia Kiingereza kwa adabu zote, lakini baada ya dakika tano mazungumzo ya meza nzima yamesharudi kwenye Krioli. Mtoto mdogo hilo halimsumbui hata kidogo. Mpe miezi sita ya kucheza nao, atakuja kukutukania kaka yake kwa Krioli safi.

Kigumu ni Kifaransa cha kuandika, maana hicho ni somo la lazima tangu Gredi 1 na kinatahiniwa kwenye PSAC, na tena kwenye NCE. Nao hawakifundishi kama lugha ya kigeni. Wenzake wanakisikia kwenye televisheni tangu wanazaliwa, wanakisoma kwenye magazeti ya babu zao, na Krioli chao kimezaliwa humo. Chukua imla ya kawaida ya Gredi 4: "Les enfants jouent dans la cour." Mtoto aliyejifunza kusoma kwa Kiswahili amezoea kuandika anachosikia. Hapa kwenye "jouent" herufi tatu za mwisho hazitamkwi kabisa, lakini zisipokuwepo ni kosa. "Enfants" nayo ina "s" isiyosikika. Sentensi fupi ya watoto kucheza uani inaweza kumpunguzia alama tatu, na si kwamba hakuelewa. Mtoto wa Gredi 1 anakua na mambo haya polepole. Anayetua Gredi 5 hana hata miaka miwili ya kufidia miaka minne.

Mbali na Kiingereza na Kifaransa, mtoto anachagua lugha moja zaidi: Kihindi, Kiurdu, Kitamil, Kitelugu, Kimarathi, Kichina, Kiarabu, au Krioli chenyewe, ambacho kiliingizwa kama somo la msingi mwaka 2012. Familia za Kiislamu kutoka pwani yetu huuliza sana kuhusu hili, na jibu ni zuri: mtoto aliyepitia madrasa anaweza kuchukua Kiarabu ndani ya ratiba ya kawaida ya shule na kikahesabiwa. Kwa mtoto wa Mombasa au Unguja anayeyumba kwenye Kifaransa, hilo ni somo moja ambalo huenda akawazidi wenzake.

Leson

Jambo ambalo hutalikuta kwenye kijitabu cha shule yoyote ni tuisheni. Wao wanaita leson. Shule ya msingi inaisha alasiri. Ukipita mitaa ya Quatre Bornes au Vacoas saa kumi na robo utaona geti liko wazi, gari limetolewa nje ya gereji, na ndani ya gereji viti vya plastiki vimepangwa safu nne, ubao mweupe umetundikwa pale palipokuwa na zana, watoto kumi na tano bado wako na sare za shule, mmoja anafuta mkono wenye mafuta ya dholl puri kwenye sketi kabla ya kufungua daftari. Anayefundisha ni mwalimu wa kweli, mara nyingi wa shule ya serikali, na anafundisha vizuri. Sheria inakataza tuisheni ya kulipia kwa madarasa ya chini ya msingi, lakini baada ya hapo ni maisha ya kawaida, na karibu na SC na HSC mwanafunzi anaweza kuwa na leson ya kila somo, Jumamosi ikiwemo.

Kwa hiyo "bure" ya shule ya serikali ihesabu pamoja na leson. Na ihesabu kwa uchovu pia. Mimi ningemwekea mtoto mgeni leson ya Kifaransa peke yake mwaka wa kwanza, mengine yasubiri. Wazazi wengi hufanya kinyume: wanaona jirani ana leson nne, nao wanaweka nne, na kufikia Machi mtoto analala kwenye basi.

Kilele cha mashindano yote haya ni skolashipu za taifa za HSC. Washindi wanaitwa laureate. Matokeo yakitoka, wanafunzi wa Royal College wanawabeba wenzao mabegani, na kesho yake picha zao ziko ukurasa wa mbele. Ni furaha ya kweli na nchi nzima inaifuatilia. Lakini skolashipu hizo ni za raia. Mwanao anaweza kukimbia mbio hizo zote, leson za Jumamosi na kila kitu, na mwisho wa uwanja kikombe hakimhusu. Hilo peke yake linatosha kumfanya mzazi mgeni apunguze kasi.

Shule za Kiingereza za kulipia

Hizi ndizo familia nyingi za kutoka Afrika Mashariki huishia, na si kosa. Le Bocage iko Moka na inafika hadi diploma ya IB, yaani International Baccalaureate. Clavis, ya msingi, iko Moka pia. Kaskazini, upande wa Mapou, kuna Northfields yenye IGCSE, mtihani wa Cambridge wa ngazi ya kidato cha nne, na International Preparatory School kwa wadogo. Magharibi nako kuna za aina hiyo kwa ajili ya wanaoishi Tamarin na Flic en Flac.

Faida yake kubwa ni kwamba mtoto anayetoka shule ya Cambridge ya Dar, Arusha, Kampala au Nairobi anaendelea palepale alipoishia. Kifaransa kinafundishwa, lakini kwa ngazi, na anayeanza sifuri hachekwi. Darasa lina watoto wa mataifa mengi waliohamahama, hivyo mgeni haonekani kama mgeni. Walimu wanajibu barua pepe.

Upungufu wake hautajwi sana. Mtoto anaweza kuishi Morisi miaka mitano na asiijue Morisi. Marafiki zake wanahama kila Juni. Krioli hajui, Kifaransa chake ni cha kuagizia chakula. Na kwa kuwa kila shule ina kalenda na mitaala yake, usidhani mbili zinafanana kwa sababu zote zimeandika "international" getini. Waulize mambo matatu: mwaka wenu unaanza mwezi gani, mtihani wa mwisho ni upi hasa, na mwaka jana walimu wangapi waliondoka. Hilo la tatu huwa linawafanya wanyamaze kidogo, na namna wanavyolijibu inakufundisha mengi.

Shule za Kifaransa

Mzazi wa Dar huruka sehemu hii. Wa Lubumbashi, Goma, Bujumbura au Moroni asiiruke, kwa sababu kwake huenda ndiyo njia iliyonyooka kuliko zote.

Lycée La Bourdonnais ya Curepipe imekuwepo tangu 1953. Lycée des Mascareignes iko upande wa Moka, na huko Moka pia kuna École du Centre pamoja na Collège Pierre Poivre. École du Nord iko Mapou. Zinafuata mtaala wa Ufaransa moja kwa moja, kuanzia shule ya awali hadi baccalauréat, chini ya mtandao wa AEFE, wakala wa Ufaransa wa shule zake za nje. Uzuri wa mtandao huo ni kwamba haujali mpaka: ukihamishwa kesho kwenda Dar kuna Lycée Arthur Rimbaud, Nairobi kuna Denis Diderot, Lubumbashi kuna Blaise Pascal, Moroni kuna Henri Matisse, na mtoto anaendelea na ukurasa uleule. Kwa familia ya mtu wa mashirika ya kimataifa, anayehama kila baada ya miaka mitatu, sijaona mfumo mwingine unaokaribia huo.

Kwa mtoto asiye na Kifaransa kabisa, shule ya awali ni sawa, hata darasa la kwanza la msingi ni sawa. Baada ya hapo ni kumtupa majini.

Hivi ndivyo ngazi zinavyolingana:

| | Serikali na za ruzuku | Kiingereza ya kulipia | Kifaransa |
|---|---|---|---|
| Mwisho wa msingi | Gredi 6, PSAC | mtihani wa shule yenyewe | CM2 |
| Miaka 14–15 | Gredi 9, NCE | hakuna wa taifa | Troisième, Brevet |
| Miaka 16 hivi | Gredi 11, SC | IGCSE | Seconde |
| Mwisho | Gredi 13, HSC | A-Level au IB | Terminale, Bac |
| Mwaka unaanza | Januari | ulizia kila shule | Agosti/Septemba |
| Kifaransa | lazima, kiwango cha wenyeji | kwa ngazi | ndiyo lugha ya masomo yote |

Mstari wa kalenda usiudharau. Shule ya serikali inaanza Januari kama yetu, kwa hiyo mtoto aliyemaliza mwaka wake Novemba nyumbani hapotezi hata muhula. Kuingia shule ya Kifaransa ni ama asubiri miezi kadhaa au aingie katikati.

Pesa

Sitaandika viwango vya ada, vinabadilika kila mwaka na kila gredi. Ila vijue vinavyokaa nyuma ya ada: ada ya kuandikishwa ambayo hairudishwi, dhamana, basi la shule, chakula, safari za masomo, na ada ya mitihani ambayo kwa IB na IGCSE si ndogo. Kwa shule ya serikali, bure ile ilitungwa kwa ajili ya raia. Familia ya kigeni ianzie ofisi ya kanda ya Wizara ya Elimu, na vibali vya ukaazi mkononi, ipate majibu kwa maandishi.

Mwajiri wako ndiye wa kubanwa, na wa kubanwa kabla hujasaini. "Relocation package" nyingi zina kodi ya nyumba na tiketi za ndege, ada ya shule haimo mpaka uitaje. Taja kwa mtoto na kwa gredi. Ukiandika tu "education support" utaletewa kiasi kisicholipa hata basi.

Nyumba kwanza au shule kwanza?

Shule. Kisiwa kinaonekana kidogo kwenye ramani, lakini asubuhi magari ya kutoka kaskazini na magharibi yote yanaelekea Port Louis, Moka na Ebène kwa wakati mmoja. Mtoto anayesoma Moka akiishi Grand Baie anaamka gizani. Kwa shule za msingi za serikali, nafasi inafuata unapoishi, na anwani inathibitishwa kwa bili ya umeme au ya maji. Ndiyo maana wenyeji wengine huazima bili ya shangazi ili mtoto aingie shule yenye jina. Mgeni asijaribu hayo. Baadhi ya shule, hasa kwenye maeneo ya kipato cha chini, ziko chini ya mpango wa ZEP wenye msaada wa ziada kwa watoto. Ukijikuta kwenye eneo la hivyo usikimbie kwa sababu ya jina, tembelea kwanza.

Januari hadi Machi ni kilele cha msimu wa vimbunga. Tahadhari ikitolewa shule zinafungwa, na mvua kubwa nayo inafunga shule, tangu mafuriko ya Port Louis ya Machi 2013 yaliyoua watu 11 hakuna anayetaka kubahatisha. Kama wazazi wote mnafanya kazi, pangeni mapema nani anabaki na watoto siku hizo.

Kwa umri

Chini ya miaka saba: shule ya serikali au ya ruzuku, bila kusita, kama hati zenu zinaruhusu na mna nia ya kukaa miaka mitatu na zaidi. Mtoto atatoka na lugha tatu na hatakumbuka alizipataje. Kama mnakaa mwaka mmoja tu, chochote kilicho karibu na nyumba kinatosha.

Miaka saba hadi tisa inategemea mtoto. Mwenye kupenda lugha, anayeiga sauti, anayeongea na kila mtu, apelekwe serikali na leson ya Kifaransa. Mwoga wa kukosea, mwenye kulia akipata alama mbaya, mpelekeni shule ya Kiingereza.

Miaka kumi na kumi na moja, yaani Gredi 5 na 6, shule ya serikali nisingemshauri mtu asiye na Kifaransa. PSAC iko hapo mbele. Walioshikilia kwa kuwa "Kiingereza anajua" wamejuta. Kwa mtoto wa Bujumbura au Lubumbashi ushauri ni kinyume kabisa: Kifaransa anacho, atateseka na Kiingereza cha kuandika, lakini hilo linafidika haraka zaidi, maana mwalimu mwenyewe anaeleza kwa lugha anayoielewa.

Kumi na mbili hadi kumi na nne ni umri mgumu kwa milango yote mitatu. Hapo ningeangalia mnarudi lini. Mkirudi kabla ya kidato cha nne, shule ya Kiingereza.

Aliyemaliza kidato cha nne, hili wengi hawalioni, anaweza kufaa sana kwenye HSC. Kwenye HSC anachukua masomo makuu matatu, karibu sawa na kombi zetu, pamoja na masomo madogo, General Paper ikiwemo. Kifaransa si lazima kiwe mojawapo ya makuu. PCM yake (Fizikia, Kemia na Hesabu) anakwenda nayo, mtihani ni wa Cambridge, na shule nyingi za serikali na za ruzuku zinafundisha Hesabu na Fizikia kwa kiwango cha juu sana. Utahitajika kuonyesha matokeo yake na krediti zake, na kigezo cha idadi ya krediti kimebadilishwa zaidi ya mara moja, kwa hiyo kiulizeni mapema.

Mkirudi nyumbani

SC, HSC, IGCSE, A-Level, IB na Bac zote zinasomeka huku. Tanzania, matokeo ya nje yanapelekwa NECTA yalinganishwe kabla ya kuomba chuo. Fanya hivyo mara tu cheti kinapotoka. Watu husubiri hadi dirisha la maombi ya vyuo lifunguliwe, ndipo wanaanza kutafuta nakala iliyothibitishwa kutoka kisiwa kilicho ng'ambo ya Madagaska.

Linalosahaulika ni Kiswahili. Hakuna hata mmoja kati ya milango hii mitatu unaokifundisha. Mtoto aliyeondoka darasa la tatu akarudi kidato cha pili anaongea vizuri tu na bibi yake, lakini ukimpa ufahamu au insha anaandika kama mgeni, na ngeli zinamchanganya. Mkiwa kwenye shule ya Cambridge, mwulizeni mkuu wa shule kama atamruhusu mtoto ajiandikishe mtihani wa Kiswahili wa IGCSE, upo. Kwa wengine, vitabu vya kiada vya darasa lake viwekwe kwenye sanduku, na saa mbili za Jumamosi asubuhi zitengwe kabla leson haijazichukua.

Na hakuna kanuni kwamba watoto wa nyumba moja wasome mlango mmoja. Ukiwa na wa miaka mitano na wa kumi na moja, mdogo anaweza kwenda shule ya serikali ya mtaani na mkubwa akapanda basi la shule ya Kiingereza. Mtalipa ada moja badala ya mbili. Mkubwa atalalamika kwamba mdogo anaongea na majirani asiyoyaelewa, na hapo ndipo atakapoanza kuuliza mwenyewe Krioli wanasemaje.